Vakansi ya Vichwa vya Mbwa

Espoir alirudi Bukavu mwezi uliopita baada ya miaka mingi ya kukaa ng'ambo, na jambo la kwanza alilofanya tulipoketi mezani lilikuwa kuomba mkono wangu wa kushoto. Hakusema kitu juu ya mvi zangu wala mimi juu ya tumbo lake. Alikigeuza kidole gumba huku na huku, akatafuta kovu, hakuliona, akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi. "Nsimire," akasema, "mi nikiona imbwa, mpaka leo, navuka barabara." Tulikuwa tunakula sambaza, vidagaa vya ziwani, na bugali katika mkahawa mmoja wa Nguba, ziwa likiwa limetulia chini yetu. Binti yake, aliyezaliwa huko huko ng'ambo, akauliza ni mbwa gani huyo. Tukatazamana. Tulimpa jibu fupi, la kumfaa mtu aliye mezani. Jibu refu ni hili.

Tulikuwa tumemaliza mwaka wa tatu wa biolojia. Kwetu sisi staji, mafunzo ya kazini, ilikuwa jambo la kubembeleza: ulikwenda mahali, ukafagia, ukachemsha chai ya wakubwa, ukarudi na karatasi yenye muhuri. Staji ya kulipwa, tena ya utafiti, ambamo mwanafunzi anapewa swali lake mwenyewe alitafutie jibu vakansi nzima, likizo yote ndefu, ilikuwa habari ya kusikia kwa watu wa mbali. Basi tangazo lilipobandikwa mlangoni pa darasa, sikuuliza hata utafiti ni wa nini. Mimi nilipenda mimea. Nilidhani nitapelekwa kwenye bustani. Aliyenipokea alikuwa daktari wa wanyama, mama mwembamba aliyenyoa kichwa, ambaye wote walimwita Docteur Faida. Hakuangalia pointi zangu. "Unaogopa damu?" akauliza. Nikasema hapana. "Imbwa je?" Nikasema kidogo. "Kidogo iko muzuri," akasema. "Mutu mwenye haogope kabisa, mi simutake mu nyumba yangu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mawe, kwenye mteremko wa Ibanda. Sebule yenye tanuri la kuotea moto ndiyo ilikuwa maabara, na mikroskopi ilikaa mahali ambapo zamani lazima palikuwa na kiti cha mzee wa nyumba. Jikoni ndiko vichwa vilikoingia. Kichaa cha mbwa hukaa ubongoni. Ukitaka kujua kama mbwa aliyemuuma mtu alikuwa nacho, hakuna njia ila kuuona ubongo wake. Kwa hiyo watu waliotoka Bagira, Miti, na vilima vyote vya jirani walituletea vichwa vya mbwa waliouawa, vimefungwa kwa majani ya mgomba, katika mifuko ya saruji, mara moja katika sufuria ambayo mwenyewe aliidai irudishwe. Espoir alipewa swali lake: kipande cha ubongo kinaweza kukaa muda gani bila friji, kwa kuwa umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka. Langu lilikuwa hili: je, kuna haja ya kupasua fuvu kwa msumeno, au inatosha kuingiza mrija, ule wa kawaida wa kunywea fanta, kupitia tundu lililo nyuma ya fuvu, penye shingo, na kuvuta kipande? Nilikuwa natakiwa kulinganisha njia zote mbili kwa kila kichwa. Chanjo zetu za kutukinga zilikuwa zimeagizwa na zimekwama njiani. Mpaka zifike, alisema Docteur, msumeno ni wake peke yake. Sisi tutashika beseni, tutatazama, tutapaka vioo.

Sasa mimi ndiye ninayewapokea wanafunzi wa staji, na najua kwamba woga wa wiki ya kwanza ni kitu cha pua. Harufu ya javel ya kusafishia na formoli iliingia kwenye nywele zangu, nikarudi nayo Kadutu, kwa tantine Odile na mume wake tonton Déo, ambao walinipa chumba kidogo nyuma ya ukuta wa mbao. Tantine alikuwa ananiwekea chakula changu, maharagi na mboga ya lengalenga, kisha anasimama mbali kunitazama nikila. Usiku sikukusudia kusikiliza, lakini mbao zile hazikuzuia kitu. "Iko nashika bichwa bya imbwa na mikono ile ile," tantine alisema. Tonton akajibu kwamba wanamlipa. "Wanamulipa, ndiyo. Na siku ataanza kubweka, watamulipa nani?" Nilicheka ndani ya blanketi, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa sayansi na nilijua kwamba watu hawabweki.

Maman Nabintu alifika na ndoo. Namwona bado akipita getini, mama mnene wa Mumosho aliyefunga kitambaa cha kijani, ndoo yenye kifuniko kichwani kana kwamba analeta maziwa, na mkono wa kulia umefungwa kwa kipande cha shuka. Alituamkia wote mmoja mmoja, akaishusha ndoo, akasema: "Niliambiwa munanunua." Docteur akamwambia hatununui, tunapima. "Basi mupime. Ni imbwa yangu. Aliniluma ku shamba, mimi mwenyewe mwenye nilimulisha." Ndugu yake ndiye aliyemuua mbwa. Yeye mwenyewe aliamka asubuhi akapanda na kichwa mpaka mjini, kwa miguu na mkono uliovimba, kwa kuwa jirani yake mmoja alikufa vibaya mwaka wa nyuma na hakutaka kufa bila kujua ni nini kinamuua. Docteur alimwosha mkono kwanza, kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu mpaka mama akauliza kama anamfulia nguo. Kisha tukaingia jikoni.

Mbwa alikuwa na fuvu gumu. Docteur alikata, mimi nikashika beseni chini, vipande vya mfupa vikaanguka ndani. Alipomaliza nikalipeleka beseni kwenye sinki kulimwaga, nikalishika ukingoni, na nikahisi kitu kama mwiba wa samaki kikiingia kidole gumba. Kilikuwa kipande cha mfupa, chembamba, kimesimama ndani ya glavu. Sikupiga kelele. Nakumbuka nilitazama kwanza kama kuna aliyeniona, kama mtu aliyejikwaa njiani. Kisha nikavua glavu na kulikuwa na tone moja la damu, dogo, zuri, la duara. "Docteur," nikasema. Alinigeukia, akaona, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu mkubwa: uliniogopa. Akanishika kiwiko, akafungua bomba, akaosha kidole kile kwa sabuni, akaosha, akaosha tena, na Espoir akasimama mlangoni na mikono nyuma.

Jioni ile ile alipaka kioo na dawa yake na kutuita kwenye mikroskopi, mmoja mmoja. Mbwa mzima haonyeshi kitu, giza tu. Mbwa wa Maman Nabintu alikuwa amejaa nukta za kijani zinazong'aa, huku nyingi, kule chache, na nilizitazama nikawaza kwamba labda mojawapo imo kidoleni mwangu na imeanza safari. Ndivyo virusi vile vinavyofanya. Havina haraka. Vinapanda polepole kwenye mshipa wa fahamu, mkononi, begani, shingoni, na siku vikifika kichwani hakuna daktari wa dunia hii atakayekurudisha. Kabla ya hapo chanjo inakuokoa. Baada ya hapo, hapana. Haya yote niliyajua kwa mtihani, na nilipata alama nzuri.

Mjini hakukuwa na chanjo hata moja wiki ile. Nilimsikia Docteur akizungumza kwa simu kwenye korido, akijaribu kushusha sauti: "Niko na batu wawili. Ndiyo, wawili. Una chupa ngapi? … Moja tu?" Nilikuwa nimeketi kwenye benchi na Maman Nabintu, na yeye alisikia kama nilivyosikia. Hatukutazamana. Mama mmoja wa watoto wengi, mkono umechanwa kwa meno, msichana mmoja, kidole kimedungwa na mfupa, chupa moja. Nilianza kupanga maneno ya kusema, yale ya heshima, kwamba yeye ni mkubwa na jeraha lake ni baya zaidi, na maneno yalikataa kutoka. Yeye ndiye aliyesema, polepole, akitazama ukuta: "Binti, mi niko naogopa sana." Nikamwambia, "Hata mimi, maman." Hayo ndiyo tuliyoweza.

Docteur alivuka daraja la Ruzizi kesho yake kuifuata chupa ile upande wa pili wa mpaka. Aliporudi alitukalisha na kutueleza kwamba sindano haitaingia ndani ya nyama bali chini tu ya ngozi, kiasi kidogo sana, na kwa njia hiyo chupa moja inatosha watu kadhaa, mradi imalizwe siku ile ile inapofunguliwa. Alidunga mama, akanidunga mimi, akamdunga na Espoir. Ngozi iliinuka kama imeumwa na mbu. "Kidogo vile?" nikauliza. "Kidogo vile," akasema. "Inafanya kazi sawasawa. Nimeisoma na nimeiona kwa macho." Tulitakiwa kurudi siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Nilimwamini kwa akili. Mwili wangu haukumwamini. Kila asubuhi niliamka nikimeza mate kwanza, kusikiliza kama koo linakubali. Kidole kikiwasha, nilikaa chini. Upepo wa dirishani ukinipiga usoni nilingoja kuona kama nitashtuka. Nyumbani tantine alikuwa amenitengea sahani, kikombe na kijiko, bila kuniambia, na nilivitumia bila kuuliza.

Mara ya pili Maman Nabintu alikuja, na ndizi za kutupikia. Siku ya sindano ya tatu hakuonekana. Kulikuwa na milio ya risasi upande wa bonde usiku uliotangulia, barabara ya Mumosho ilikuwa imefungwa, na watu waliokuja mjini walisema mambo yasiyofanana. Tulingoja mpaka adhuhuri. Docteur aliiweka chupa mpya katika glasieri, kisanduku chenye barafu, akachukua funguo za gari. "Mi naenda. Ninyi baki," akasema. Lakini sindano yangu ilikuwa humo humo. Angeifungua chupa Mumosho, isingerudi ikiwa inafaa. Nilimwambia kwamba nakwenda. Si ushujaa. Niliogopa barabara, lakini kilichokuwa kidoleni mwangu nilikiogopa zaidi. Espoir alikaa, na sikumlaumu siku ile wala leo.

Kizuizi cha kwanza barabarani kilikuwa kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ya mikaratusi, na nyuma yake wanajeshi, wengine wamelala. Mmoja alitoka katikati ya barabara na bunduki mbele. "Botelema!" Docteur akasimamisha gari. Yule mwanajeshi aliiona glasieri magotini mwangu. "Nini eza na kati?" akauliza kwa Lingala kilichomo ndani. "Fungola!" Nikafungua. Alitazama barafu, chupa ndogo, mabomba ya sindano. "Hii ni nini? Muko napelekea nani dawa?" Sasa alikuwa anasema Kiswahili, na sauti yake haikuwa nzuri. Docteur akamjibu kwa upole, kama anavyojibu mteja, kwamba ni dawa ya mama mmoja aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Yule mwanajeshi akaishusha bunduki kidogo. Akatazama nyuma yake, kwa wenzake, kisha akainama dirishani karibu nami mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. "Imbwa," akasema chini chini. "Mi pia."

Aliikunja suruali. Kwenye shavu la mguu palikuwa na alama za meno, zimekwisha kupona, zinang'aa. Aliumwa kule Sange, alisema, kabla kikosi hakijaletwa huku, wakati watu wanavuna maharagi; mbwa hakuwa wa mtu. Alipaka mafuta ya gari na akasahau. "Ni kitu kibaya?" akaniuliza mimi, si Docteur. Alikuwa kijana, labda mwaka mmoja au miwili mbele yangu, na jina Caporal Bokele lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye mfuko wa shati. Nilimwambia ukweli nilioujua: kwamba huenda mbwa alikuwa mzima, lakini huenda hapana, na asipochanjwa hatajua mpaka imechelewa. "Panda," akasema Docteur. Aliongea na wenzake maneno machache, akapanda nyuma, na vizuizi viwili vilivyofuata vilifunguliwa kabla hatujafika.

Tulichanjwa sote watatu jikoni kwa Maman Nabintu, juu ya vigoda, moshi ukitutoa machozi. Mama alishtuka kuona mwanajeshi akiingia, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kisha alipoona amekunja mkono wa shati na kugeuza uso ili asione sindano, akaketi. "Kumbe nawe unaogopa sindano," akamwambia. "Sana, mama," akasema Bokele. Mama alitugawia viazi vitamu vya moto, tukala kwa vidole, na kwa muda ule hakuna aliyemwogopa mwenzake. Docteur alimwelekeza Bokele siku za kurudi, akazirudia, akamfanya naye azirudie. Bokele alikuja mjini mara moja, kwa miguu, na alichekesha nyumba nzima kwa jinsi alivyolikwepa jiko la vichwa. Baada ya hapo hatukumwona. Tulisikia kikosi kimehamishwa.

Vakansi ilikuwa inakwisha. Swali langu lilikuwa limepata jibu: mrija ulitoa majibu yale yale kama msumeno, kichwa baada ya kichwa, na Docteur alikuwa ameusukuma msumeno chini ya kabati na kusema hautoki tena. Nilikuwa naandika matokeo hayo sebuleni alipoitwa hospitali. Kuna mgonjwa hawamwelewi, walisema, anakataa kunywa. Aliweka simu chini akanigeukia. "Uko na chanjo zako," akasema. "Kama unataka kujua juu ya nini tunafanya hii kazi, twende. Kama hutaki, hakuna mutu atakuuliza."

Chumba kilikuwa mwisho wa korido, dirisha limefunikwa kwa shuka. Muuguzi alisimama nje na kikombe mkononi, hajui akiweke wapi. Docteur alipofungua mlango, hewa kidogo iliingia nasi, na mtu aliyekuwa kitandani alikunjamana, shingo imekakamaa, mdomo wazi akitafuta pumzi, kama mtu aliyezamishwa kichwa. Kisha ikapita. Akalala pale akihema, mate yakimtoka, macho yakiwa wazi na yenye akili zake zote. Ndilo jambo lililonitisha kuliko yote, zile akili. Alinitambua kabla sijamtambua. "Mademoiselle ya glasieri," akasema, na nikajua ni Bokele. Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Kila kitu nilichokuwa nakisikiliza mwilini mwangu tangu siku ya beseni kilikuwa pale kitandani, kimefika kilikokuwa kinakwenda. "Mayi niko naitaka," akasema, taratibu, kama mtu anayejitetea. "Ni koo inakataa." Akapumzika. "Ile sindano ilichelewa, hein?"

Docteur alikuwa ameelekea kwa muuguzi kutafuta dawa ya kumtuliza. Niliyeulizwa nilikuwa mimi. "Ilichelewa, Caporal," nikasema. Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa vitambaa kwenye vyuma vya kitanda, na hakuna aliyekuwa ameigusa tangu asubuhi, ilionekana wazi, kwa kuwa kimoja kilikuwa kimembana mpaka vidole vimebadilika rangi. Nilivaa glavu, mbili juu ya mbili, nikalegeza kile kitambaa, nikaushika mkono. Ulikuwa wa moto sana. Aliushika wangu kwa nguvu ya kuumiza, na kila mkakamao ulipokuja niliogopa upya, na kila ulipopita nilikuwa bado nipo. Dawa ilipoingia alianza kusema Lingala, maneno laini, nadhani na mama yake. Alikufa mchana ule, tukiwa humo.

Nje, chini ya ukuta wa hospitali, alikuwa ameketi msichana wa umri wangu, peke yake, na watu wote waliokuwa wakingoja wagonjwa wao walikuwa wamesogea wakamwachia nafasi kubwa. Muuguzi akanionyesha kwa kidevu: mke wa yule mwanajeshi, Mado, aliyemleta kutoka kambini. Alikuwa ameambiwa habari ya kifo, hakuambiwa jingine. Nilimkaribia nikaona mikono yake, imepasuka kwa sabuni ya kufulia watu, mipasuko mibichi, na kanga aliyokuwa akimfutia mumewe mate ingali imekunjwa magotini. Docteur alikuwa ndani akiandika. Nilimngoja kidogo atoke. Hakutoka.

Basi nikaketi karibu na Mado, pale pale walipopakimbia wengine, karibu mpaka mabega yetu yakagusana. Alishtuka. "Usinikaribie," akasema. "Banasema nami niko nayo."

"Inawezekana," nikamwambia. "Lakini kwako haijachelewa." Nikakunja mkono wa blauzi, nikamwonyesha begani, mahali ambapo sindano ya mwisho ilikuwa imeacha alama ndogo isiyomzidi mbu. Alitazama alama, akanitazama mimi, akaweka kidole juu yake kana kwamba anataka kuhakikisha ni ngozi. Nilikuwa bado naogopa, na sikumficha. "Simama," nikasema. "Kwanza tunaosha hii mikono. Sabuni na maji, muda murefu. Utasema nimekuchosha."

Bomba lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Nilimshika kiwiko, na watu wakatupisha.